Binti ana shahada ya sheria lakini bado si wakili: mzazi wa Mbalizi auze kiwanja?

Simu ilitoka Mbalizi, kipindi cha asubuhi kikiwa kinaelekea ukingoni. Alikuwa mzee mmoja. Aliitikia shikamoo yetu, akaenda moja kwa moja kwenye shida yake. Binti yake amemaliza shahada ya sheria. Siku ya mahafali familia ilikodi Noah ikaenda yote, picha zikapigwa, nyumbani akachinjwa mbuzi, na majirani wakaanza kumwita binti "wakili". Miezi miwili baadaye binti akamwambia baba yake kwamba yeye si wakili bado. Kuna chuo kingine, kiko Dar es Salaam, mafunzo yake ni kama mwaka mzima na yana ada yake. "Sasa nasikia huko wanafeli karibu wote," mzee akasema. "Nina kiwanja kimoja kimebaki. Nikiuze?"

Muda ulikuwa umekwisha. Tulimjibu kwa dakika moja, na jibu letu halikutosha. Tangu siku hiyo zimeingia meseji za namna hiyo hiyo kutoka Uyole, Chimala na Mafinga, nyingine za wazazi na nyingine za vijana wenyewe. Ndiyo maana tumeamua kuliandika jambo hili, ili mtu alisome taratibu kwenye simu yake na kumsomea jirani.

Kwanza, shahada na uwakili ni vitu viwili

Kwa utaratibu wa Tanzania Bara, mtu aliyemaliza shahada ya kwanza ya sheria ni msomi wa sheria. Anaweza kuajiriwa kwenye kampuni, benki, shirika au sehemu yoyote inayohitaji mtu anayeelewa sheria. Lakini hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu kwa malipo, wala kugonga muhuri wa wakili kwenye hati ya kiwanja chako. Ili afike huko ni lazima apite kwenye Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, ile ambayo karibu kila mtu anaiita Law School. Akifaulu, anaomba kwa Jaji Mkuu kupokelewa, anaapishwa, na jina lake linaandikwe kwenye daftari la mawakili. Hata baada ya hapo leseni yake ya kufanya kazi huhuishwa kila mwaka.

Si uwakili peke yake. Tazama matangazo ya kazi za hakimu mkazi au wakili wa serikali: utakuta yanataka shahada ya sheria pamoja na cheti cha Law School. Kwa hiyo kijana anayesema "mimi sitaki uwakili, nataka uhakimu" hajakwepa mlango huo.

Law School ilianzishwa kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2007, ikaanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Kabla ya hapo mhitimu alikuwa anapelekwa kujifunza kazini kwa muda, kisha anakaa mbele ya Baraza la Elimu ya Sheria na kuhojiwa. Utaratibu ule uliwezekana kwa sababu wanasheria walikuwa wachache. Sheria ndiyo iliyokuwa kitivo cha kwanza kabisa cha chuo kikuu chetu cha Dar es Salaam, mwaka 1961, na darasa lile la mwanzo halikufika watu 20. Kwa miongo kadhaa aliyetaka kusoma sheria hapa nchini alikwenda huko, basi. Leo hali ni nyingine. Hapa hapa Nyanda za Juu Kusini, sheria inafundishwa Mzumbe Kampasi ya Mbeya, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha kilichopo Iringa mjini, na Chuo Kikuu Huria kina vituo vyake mikoani. Mtoto wa Mbalizi anaweza kusoma shahada nzima ya sheria akirudi nyumbani kwa daladala. Ikifika hatua ya mwisho, anapanda basi la zaidi ya kilomita 800.

Kuna mkanganyiko mwingine tumeuona kwenye meseji zenu. Wapo wanaodhani kwamba shahada ya uzamili ya sheria, ile inayofuata baada ya shahada ya kwanza, ni ngazi ya kupandia kwenda kwenye uwakili. Siyo. Uzamili ni kwa anayetaka kubobea kwenye eneo fulani la sheria, kodi kwa mfano, au haki za binadamu, au anayetaka kufundisha chuo kikuu. Una masomo ya darasani na utafiti wa kuandika. Mtu anaweza kuwa na uzamili bila kuwa wakili, na mawakili wengi wanaoaminika hapa Mbeya wana shahada ya kwanza na cheti cha Law School tu. Kwa anayeutaka uhadhiri, ajue kwamba matangazo ya kazi za vyuo vikuu hutazama alama kwa ukali: GPA ya 3.8 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye uzamili ndicho kipimo tunachokiona mara kwa mara. Aliyemaliza na 3.2, akauza ng'ombe ili asome uzamili kwa matumaini ya kuwa mhadhiri, ameanza safari ambayo geti lake lilishafungwa huko nyuma. Ni maneno magumu, lakini ni afadhali yasemwe kabla ng'ombe hajauzwa.

Ile habari ya watu 26

Hofu ya mzee wetu ina mahali ilipotoka. Mwezi Oktoba 2022 matokeo ya Law School yalisambaa kwenye simu za nchi nzima. Waliofanya mitihani walikuwa 633. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo, yaani wenye sapu, walikuwa 342. Waliofeli kabisa na kuondolewa, wenyewe wanasema kudisko, walikuwa 265.

Hizo 26 ndizo zilizobaki vichwani mwa watu. Kwenye vijiwe hesabu ikawa rahisi: kati ya kila vijana 100 wanaoingia, wanatoka wanne. Tunaomba tuitazame hesabu hiyo tena. Wale 342 hawakuwa wamekwisha. Ni zaidi ya nusu ya darasa zima, na kila mmoja wao alikuwa bado na nafasi ya kurudia masomo aliyoshindwa na kupata cheti kile kile. Anayesema wamefeli asilimia 96 anawahesabu watu ambao mtihani wao haujaisha. Kwa upande wa pili, anayesema mambo yalikuwa ya kawaida naye anajidanganya. Watu 265 kuondolewa ni zaidi ya wawili katika kila watano. Ukiwaweka kwenye mabasi ya Dar, wanajaza manne na wengine wanabaki stendi.

Serikali nayo haikuona ni kawaida. Dkt. Damas Ndumbaro, aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo, aliunda kamati ichunguze, na akamweka Dkt. Harrison Mwakyembe kuwa mwenyekiti. Huyu ni mtu wa huku kwetu, alikuwa mbunge wa Kyela tangu 2005 hadi 2020, aliwahi kuwa waziri wa wizara hiyo hiyo na kabla ya siasa alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanaokumbuka kamati yake ya Richmond walitarajia moto. Mjadala uliofuata ulikuwa mpana kuliko matokeo yenyewe: uligusa vyuo vikuu vinavyowaleta wanafunzi, Law School yenyewe, lugha, na hata swali la nani hasa anafaa kuanza kusoma sheria.

Kosa la nani?

Tulipouliza swali hili hewani, simu ziligawanyika. Wapo waliosema vijana wa siku hizi hawasomi, wanashinda kwenye TikTok. Wapo waliosema Law School inafelisha makusudi ili ikusanye pesa za sapu. Kwa hili la pili sisi hatujaona ushahidi wowote, na hatutalibeba. Lakini tunaelewa kwa nini linasemwa. Pale ambapo anayefundisha ndiye anayetunga mtihani, ndiye anayesahihisha na ndiye anayepokea ada ya kurudia, aliyefeli atakuwa na maswali hata kama kila kitu kimefanyika kwa haki.

Tuanze na vyuo vikuu. Shahada ya kwanza inafundisha sheria kama elimu: historia yake, misingi yake, kesi kubwa zilizoamuliwa. Law School inamtaka mtu aitumie. Unapewa maelezo ya mteja, uandike hati ya madai ambayo mahakama itaipokea, uchague mahakama yenye mamlaka, usikose muda uliowekwa na sheria. Kijana aliyesoma kwa kukariri noti za kaka yake aliyemtangulia, darasa la watu mamia, mhadhiri akiwa mbali na spika imekatika, anaweza kuvuka miaka yake yote na kupata shahada halali. Akifika kule, maswali yanamtaka afikiri kama fundi mwenye kazi mkononi. Wengi wanakwama hapo.

Tena kuna idadi. Vyuo vimeongezeka, milango ya mwisho imebaki ule mmoja. Ukichota maji kwa ndoo 20 ukayamimina kwenye pipa moja, ama pipa lifurike ama uanze kumwaga.

Halafu kuna lugha, na hapa tunaomba tukae kidogo kwa sababu ndipo jambo hili linapomgusa msikilizaji wa kijijini kuliko anavyodhani. Shahada ya sheria inafundishwa kwa Kiingereza. Law School nayo ni Kiingereza. Lakini mapema mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, likasema lugha ya sheria za nchi na lugha ya mahakama ni Kiswahili, na Kiingereza kitumike pale haki inapohitaji hivyo. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa inaendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani. Kwa hiyo tuna hali hii: kijana wa Mbalizi anafeli mtihani kwa sababu ya Kiingereza, wakati mteja wake wa kwanza atakuwa mama wa Ilembo mwenye mgogoro wa mpaka wa shamba la viazi, ambaye hatamwambia neno hata moja la Kiingereza.

Je, basi mtihani uwe wa Kiswahili? Wengi mlituandikia mkisema ndiyo, na haraka. Sisi tunaona jambo hili lina pande zake. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ambazo wakili anazitegemea kujenga hoja, kwa miaka yote hiyo, zimeandikwa kwa Kiingereza. Mikataba ya kampuni kubwa, zile za madini na za kununua kahawa, huja kwa Kiingereza, na mkulima anayewekewa mkataba wa namna hiyo mezani anahitaji wakili anayeweza kuona kilichofichwa kwenye aya ya 14. Wakili asiyesoma Kiingereza vizuri atamwumiza mteja wake bila kujua. Lakini pia hatuoni mantiki ya kumpima mtu kwa Kiingereza peke yake, halafu siku ya kwanza kazini akakuta hakimu anataka hoja kwa Kiswahili fasaha cha kisheria ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha. Tumekaa mahakamani Mbeya kufuatilia kesi kwa ajili ya taarifa ya habari. Tumemsikia wakili kijana akihangaika kutafuta neno, akaishia kusema la Kiingereza, hakimu akamtazama tu, na mzee aliyemlipa akabaki amekaa nyuma hajui anatetewa kwa lipi. Kwa maoni yetu lugha zote mbili zifundishwe na zipimwe, kuanzia chuo kikuu, si kusubiri mwaka wa mwisho.

Jirani zetu nao wanahangaika

Asije mtu akadhani hili ni letu peke yetu. Kenya, Law School yao ya Nairobi inafundisha, lakini mitihani ya uwakili inasimamiwa na chombo kingine, Baraza la Elimu ya Sheria. Mwalimu na msahihishaji wametenganishwa. Huko nako kufeli kwa wingi kumekuwa wimbo wa miaka mingi, kwa hiyo utaratibu huo haukuondoa tatizo, ingawa umeondoa ile shaka ya mwenye duka kujipimia mzani mwenyewe.

Uganda wana kituo chao, LDC, kilichoanza Kampala mwaka 1970. Kwa miaka kadhaa waliweka mtihani wa kuingilia, ukishindwa huo huendi ndani. Kuna faida yake: unajua mapema, kabla hujauza kitu. Kuna hasara yake pia, maana aliyesoma chuo kikuu kwa shida, akitoka shule ya kata isiyo na mwalimu wa Kiingereza, ndiye wa kwanza kuachwa nje. Lakini Uganda walifanya jambo moja ambalo sisi wa mikoani tunalitazama kwa wivu: walifungua matawi Mbarara, magharibi mwa nchi, na Lira, kaskazini. Mtoto wa kule halazimiki tena kwenda kupanga chumba Kampala.

Kwa nini tusiulize hilo kwa Mbeya? Mahakama Kuu ipo hapa. Mahakama za wilaya zipo, Baraza la Ardhi na Nyumba lipo, mawakili wa kuwapokea wanafunzi kwa mafunzo ya ofisini wapo, na vyuo viwili vitatu vya sheria vipo kati ya hapa na Iringa. Tunajua walimu wa masomo hayo ni majaji na mawakili wazoefu ambao wengi wako Dar es Salaam na Dodoma, na kuwaleta huku ni gharama. Lakini gharama ya sasa haijafutika, imebebwa na wazazi.

Kijijini inatuhusu nini?

Msikilizaji mmoja wa Chimala alituandikia kwa hasira kidogo: sisi tunataka bei ya mpunga, ninyi mnatuletea habari za mawakili. Tunamwelewa. Tunamwomba atazame mambo mawili yaliyobadilika hivi karibuni.

Zamani mgogoro wa shamba ulianzia na mara nyingi uliishia Baraza la Kata. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, na sasa baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui tena nani mwenye ardhi. Msipoelewana ndani ya muda uliowekwa, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kule kuna fomu, kuna viapo, kuna mapingamizi, na upande wa pili ukiwa na wakili na wewe huna, utalijua jua. Mwaka huo huo pia mlango ulifunguliwa kwa mawakili kuingia Mahakama ya Mwanzo, mahali ambapo kwa miaka yote wananchi walikuwa wanajieleza wenyewe. Kwa maneno mengine, mkulima anakutana na wakili sasa kuliko zamani, na swali ni kama atakuwa upande wake au upande wa mwenzake.

Mawakili wenyewe wamekaa mjini. Ukitoka Mwanjelwa hadi maeneo ya mahakama mabango yao yamepangana. Ukivuka Mbalizi kwenda vijijini huoni hata moja. Pengo hilo linajazwa na mawakili vishoka. Ni watu wenye mkoba, tai na mdomo mtamu, wanaokaa karibu na mahakama au hata sokoni, wanakuandikia hati kwa elfu 20, na hati yenyewe inakataliwa mbele ya hakimu. Na wengine kati yao, tuseme ukweli, ni hao hao vijana waliodisko au walioshindwa ada, wenye shahada halali, wenye deni la mkopo, wasio na kazi. Hatuwatetei, maana kujifanya wakili ni kosa la jinai. Ila ukiwaacha mamia ya wasomi wa sheria wakizunguka bila njia, baadhi watajitengenezea njia.

Kwa hiyo ukitaka wakili, mwulize jina lake kamili kama lilivyoandikwa kwenye daftari, kisha mwombe kijana yeyote mwenye intaneti alitafute kwenye mfumo wa Mahakama unaoitwa e-Wakili. Wakili wa kweli hakasiriki ukimwuliza. Na kwa jambo ambalo halijafika mahakamani, watafute wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni bure. Watakushauri, watakuelekeza pa kwenda, watawasuluhisha. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba yako, na hawaruhusiwi kukutoza. Anayekutoza huku akijiita msaidizi wa kisheria, mripoti kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri.

Turudi kwenye kiwanja

Mzee wa Mbalizi alituuliza swali la pesa, na pesa ndiyo tuliyoikwepa siku ile.

Ada ya Law School imekuwa ikipita shilingi milioni moja. Hiyo ndiyo sehemu ndogo. Binti atahitaji chumba Dar es Salaam, na wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Atahitaji nauli ya daladala kila siku, chakula, suti nyeusi, vitabu na kuchapisha kazi. Kuna kipindi cha kwenda kujifunza mahakamani na kwenye ofisi za mawakili, ambacho kwa kawaida hakina mshahara. Na ni lazima familia iweke akiba ya sapu. Takwimu za 2022 zinatuambia kwamba mwanafunzi wa kawaida kabisa, si mzembe, alikuwa na uwezekano mkubwa wa kurudia somo kuliko wa kufaulu yote mara moja. Mzazi anayepiga hesabu ya miezi 12 kamili amepiga hesabu ya wale 26.

Habari njema ipo moja. Katika miaka ya karibuni Bodi ya Mikopo imekuwa ikitoa mwongozo na kufungua dirisha la maombi kwa wanafunzi wa Law School. Maombi ni kwa mtandao, na kinachowaangusha wengi wa vijijini ni karatasi: cheti cha kuzaliwa kisichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo cha mzazi ambacho hakijawahi kuchukuliwa, sahihi ya mwenyekiti wa mtaa iliyokosekana siku ya mwisho. Anza kuzitafuta hizo sasa, kabla dirisha halijafunguka. Na ijulikane kwamba mkopo ni deni. Binti akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kila mwezi mpaka liishe, likiwemo lile alilosomea shahada ya kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayelazimika kulifanya mwaka huu. Sheria haisemi uende Law School wiki ya pili baada ya mahafali. Tumeongea na mawakili kadhaa hapa mjini, na zaidi ya mmoja alituambia kwamba alikaa kwanza mwaka au miwili kwenye ofisi ya wakili kama karani, akiandika hati, akibeba mafaili kwenda mahakamani, akilipwa nauli na chakula cha mchana. Alipofika Law School alikuta maswali yanafanana na kazi aliyokuwa anaifanya. Kwa binti anayetoka Mbalizi, ofisi za namna hiyo ziko umbali wa daladala moja. Anaweza pia kuutumia muda huo kusoma hukumu, ambazo siku hizi zinapatikana bure mtandaoni kwenye TanzLII, na kunoa Kiingereza chake cha kuandika.

Wapo watakaosema kusubiri ni kuchelewa, hasa kwa binti, kwamba ataolewa na mambo yatakwisha. Tumelisikia hilo mara nyingi kwenye simu za kipindi, na kila mara linasemwa kuhusu mabinti tu. Hatujawahi kumsikia mtu akimharakisha mtoto wa kiume kwenda Law School kwa kuogopa kwamba ataoa.

Tulimpigia mzee tena wiki iliyopita, safari hii nje ya hewani. Kiwanja bado hajauza. Alikuwa amemwita binti na mama yake wakakaa, binti akaeleza mwenyewe kwa kirefu, na mzee akakiri kwamba ilikuwa mara ya kwanza kumsikiliza mpaka mwisho. Wamekubaliana aanze kwenye ofisi ya wakili mjini, asubuhi anaondoka na daladala za mwanzo. Cheti chake cha kuzaliwa kimeshapelekwa RITA kuhakikiwa. Parachichi zake za Rungwe, miti 40 hivi, zinategemewa kuanza kuzaa msimu ujao, na mzee anasema anataka kuona bei yake kwanza.